Ukucha Ulionyoosha Ukuta wa Jiko

Saruji ikimwagiwa maji hutoa harufu ya mvua iliyoangukia jiwe la moto. Hata leo nikipita tu penye jengo la watu linalojengwa nikaisikia harufu ile, kidole changu kidogo cha kushoto hujinyoosha chenyewe. Msicheke, nitawaeleza.

Tulikaa Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, miaka michache baada ya uhuru. Baba alifanya kazi Kasese na alirudi mwisho wa mwezi. Jiko letu la miti na udongo lilikuwa limeangushwa na mvua, tena mara ya pili. Mama akasema basi, safari hii tunajenga kwa matofali ya saruji, na tunajenga wenyewe. Jirani yetu Baba Kule, aliyekuwa fundi, alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama Masika, ukuta ya mwanamuke itapinda-pinda! Ngoja bwana yako." Masika ndiye mimi. Niliumia kuliko mama, maana Baba Kule alisema mbele ya watoto wenzangu.

Mama alitafuta uzi wa nyavu kutoka kwa wavuvi wa Kasenyi, bado unanuka samaki, akaufunga pembe hadi pembe. Alikuwa amewasikia mafundi wakisema "fuata kamba", basi tukaifuata kweli: kila tofali tulilisukuma mpaka likagusa uzi. Safu tatu! Kisha mama akachuchumaa mwishoni, akafumba jicho moja, akautazama ukuta kwa urefu wake. Ukuta ulikuwa na kitambi. Kila tofali lilikuwa limeusukuma uzi kidogo, na lililofuata likausukuma tena. Tukabomoa zote kabla saruji haijakauka, na Baba Kule huyo anapita. Aibu ile, jamani!

Asubuhi mama akaniita. "Masika, leta kidole ile kidogo. Tofali isiguse kamba. Katikati ipite ukucha yako, basi."

Tangu siku ile hakuna tofali lililokaa bila mimi. Mama aliweka, mimi nikapitisha ukucha nikasema "Bado" au "Imekaa", naye akanitii. Mama mzima! Jumatatu mwalimu alikagua kucha, akaniamuru niukate ule mmoja niliouacha mrefu kwa kazi ya ukuta. Nikakataa. Nikala viboko viwili, nikarudi nyumbani na ukucha wangu, naringa.

Baba aliporudi alichuchumaa pale pale, akafumba jicho, akakaa hivyo mpaka nikaogopa. Baba Kule alikuja kutazama, na safari hii hakucheka.

"Fundi gani amejenga hii?" baba akauliza.

Mama akauinua mkono wangu, akakishika kile kidole kidogo. "Huyu."

Nilitembea Bwera nzima na kidole changu juu. Miaka mingi baadaye, nikijenga ukuta wangu mwenyewe, ndipo nilipogundua kwamba hata jani la nyasi lingetosha kupima nafasi ile. Mama alijua. Tena alikuwa na kucha kumi za kwake, akaomba ukucha wangu.