Abiria wa Mteremko wa Sachangwan

Usiniambie nilikuwa nimechoka, na usiniambie ni ukungu. Wengi wameniambia hivyo, nami huwauliza: nyinyi mlikuwa wapi? Mimi nilikuwa pale, mwaka wa 2008, saa kumi mchana, akili zangu zote kichwani.

Mimi ni mama wa viazi. Nilikuwa navitoa Molo kuvipeleka Nakuru kwa pikapu kuukuu aliyoniachia marehemu mume wangu. Breki zake za nyuma ni za dramu, na mafundi walinicheka niliposema nitazifunga mwenyewe. Nikawaacha wacheke. Wiki hiyo nilipiga jeki, nikatoa magurudumu, nikavua dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, nikapangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, nikaweka breki shuu mpya pande zote mbili. Hizo shuu ndizo zinabana dramu kwa ndani ndio gari isimame. Zikiisha, chuma kinasugua chuma, na kwenye mteremko umekwisha. Nilirekebisha mpaka gurudumu likawa linazunguka, shuu zikigusa dramu kidogo tu. Kazi safi, niamini.

Pale Sachangwan, kwenye mteremko ule mrefu wa kwenda Nakuru ambao malori hukosa breki na kuua watu, mtu wa ovaroli ya bluu alinyoosha mkono kutoka kwenye ukungu. Nikasimama. Wewe ungepita? Mwaka huo, baada ya vita vya uchaguzi, tulikuwa tumeogopana vya kutosha, na nilikuwa nimeapa sitamwacha mtu barabarani eti sijui ni wa kabila gani.

"Mathe, nifikishe hapo chini," akasema.

"Ingia, boss."

Alikaa kushoto kwangu. Nikasikia harufu ya breki zilizoungua, nikadhani ni ya lori lililokuwa mbele. Tukaanza kuteremka. Nilipokanyaga breki, gurudumu la nyuma kushoto likalia kama chuma kwenye jiwe, na gari haikupunguza mwendo.

"Achilia breki," akasema yule mtu, polepole. "Hapa watu huachilia. Hata mimi niliachilia."

Nikamtazama. Ovaroli ilikuwa imejaa mpaka kwenye mapaja. Kutoka hapo kwenda chini ilikuwa kitambaa kitupu, kinaning'inia. Hakuwa na miguu.

Unafikiri sikuogopa? Niliogopa. Lakini hasira ilizidi. Nilizika mume, nikatoroka nyumba ikichomwa, nikarudi nikaanza upya na gunia mbili. Halafu huyu ananiambia niachilie?

"Wewe uliachilia yako," nikamwambia. "Hii ni yangu."

"Mathe, utachoka."

"Basi nitachoka nikiwa nimekanyaga."

Nikaingiza gia ya pili, injini ikanguruma. Nikaingiza ya kwanza. Nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikaibananisha pikapu kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto. Viazi vikamwagika. Tulisimama hatua chache tu kutoka kwenye mtaro uliokuwa mbele.

Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani. Nikagusa kiti, nikatoa mkono haraka. Kilikuwa moto kama dramu iliyoshuka mlima.

Vyuma vilipopoa nilifungua magurudumu hapo hapo. Shuu za kulia zilikuwa nene kama nilivyoziweka. Za kushoto zilikuwa chuma kitupu. Nikazibeba kwa matatu mpaka kwa mzee Muhindi wa spea mjini aliyeniuzia, nimejaa vita.

"Mzee, umeniuzia feki."

Alivaa miwani, akanionyesha alama anayochora kwa msumari kwenye kila shuu anayouza. "Mama, hizi ni zangu, na nilikuuzia Jumanne. Lakini hizi zimesugua miaka." Akazisukuma kwa kalamu, hakutaka kuzigusa tena.

Mpaka leo shuu za kushoto huisha kwa miezi miwili, za kulia hukaa zaidi ya mwaka. Shemeji anasema niuze gari. Nimwuzie nani shida hiyo? Nimekataa. Nabadilisha mwenyewe, na nikishuka Sachangwan kile kiti hupata joto, nami sikitazami.

Wewe unayeteremka pale na gari ya zamani, usingoje breki ikulilie. Vua dramu uone shuu kwa macho yako. Na ukimsikia mtu kando yako akikuambia uachilie, usimwulize jina. Kanyaga.