Maneno Niliyowapa Wapenzi wa Kwenye Video

Siku yangu ya kwanza kazini nilikata tiketi mlangoni mwa banda la video, tena kwa muda mfupi tu. Ilikuwa Kizwite, kwetu Ufipa, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye visenti akaleta televisheni na deki, ile mashine ya kuchezea mikanda ya video. Mfasiri wetu aliamka sauti imekauka kabisa, na watu walishajaa kwenye mabenchi. Meneja akanivuta ndani, akanikabidhi maiki.

Nikamwambia lugha ya ile picha siijui hata salamu. Akanitazama kama mtu anayecheleweshwa safari.

"Kwani waliokaa humu wanaijua?" akasema. "Wewe una mdomo, binti. Angalia nyuso zao, halafu sema."

Basi nikasema. Ninyi mnaoletewa picha zimeshatafsiriwa hamjui kazi yetu ilikuwaje. Mfasiri alikaa kando ya televisheni akawasemea wote: bwana, bibi, mama mkwe, hata mbwa akibweka. Kulikuwa na kuziba, ndiyo kujaza maneno pale wapenzi wanapotazamana kimya, maana ukinyamaza watu wanadhani umesinzia. Kulikuwa na kukimbiza, pale midomo yao imefunga na wewe bado una sentensi nzima kinywani. Na hedi ya deki, kile kidude kinachosoma mkanda, niliisafisha mwenyewe kwa spiriti. Ikichafuka, mpenzi anajaa mistari usoni, na hapo hata useme matamu namna gani, watu hawamtaki tena.

Nilipewa picha za mapenzi ya kuchekesha kwa sababu wafasiri wanaume walizikataa, wao walitaka za ngumi. Wakanifaa bila kujua. Masika hayajaisha, banda la ngumi lilikuwa na nafasi ya kulala, na kwangu watu wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Meneja akaacha kuniita binti, akaanza kuniita Fundi.

Nikapelekwa Chala, ambako wanawake walikuja Jumapili wakitoka misa. Msimamizi wa pale, mtu wa kanisa, aliniomba kwa upole kwamba wale wa kwenye picha wakibusiana nitafute namna. Nikatafuta. Walipokutanisha nyuso nikasema, "Hapo anamnong'oneza habari za ukoo wao, ni ndefu kidogo." Wamama wakacheka mpaka khanga zikawadondoka. Msimamizi naye alicheka, ila aligeukia ukutani.

Kazi ile ilinipa jina, lakini iliniharibia masikio. Mchana kutwa nawasemea wanaume wanaopiga magoti kwenye mvua, halafu natoka nje nakutana na mwanaume anayeniuliza kama najua kusonga ugali wa ulezi. Nikawakataa wote. Na kulikuwa na jambo lingine lililonitisha zaidi ya kukosa mume. Baba yangu, mkulima wa mahindi asiyerudia neno, alikuwa ameshasema kwamba nikiolewa kazi ile basi, mke wa mtu hawezi kupiga kelele gizani katikati ya wanaume. Kwa hiyo kila aliyeleta posa niliona anakuja kuninyang'anya maiki.

Halafu nikapangiwa Muze, huko bondeni. Unateremka na lori, breki zinanuka, ukifika chini joto linakupokea. Huko ndiko nilikomkuta Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye familia yao ilihamia na ng'ombe. Kila lori likisimama yupo, anapokea spika zangu, anabeba, hasemi. Nilimpenda, sitaficha. Siku aliponiambia anataka kunioa, alisema akiangalia viatu vyake. Nikamjibu kwa jeuri yangu yote kwamba aje nyumbani, aseme mwenyewe, niyasikie.

Akaja, na mjomba wake akiwa mshenga. Kawaida mshenga ndiye husema na muoaji hukaa kimya. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi, mlango umeachwa wazi kidogo. Mjomba hajamaliza shikamoo zake, Masanja akasimama.

"Baba," akasema, "tangu nimwone binti yako, chai naweka sukari mara mbili na haishiki utamu. Akinikataa nitakaa mlangoni pake mvua ininyeshee mpaka niote majani."

Shangazi akashika kifua kwa raha. Baba, nikamwona, ameinama mbele kusikiliza. Yale maneno yalikuwa yangu, niliyatunga Muze siku wapenzi walipotazamana sana nikalazimika kuziba. Masanja akaendelea, jasho linamtiririka, "Nitakuvusha mito yote, mpenzi, wewe wa nyuma hebu kaa chini unawaziba wenzio, mito yote nitakuvusha."

Baba akageuka kuangalia nyuma yake. "Nani kasimama?"

Mjomba akafunika uso. Maskini Masanja, alikuwa ameyakariri yote kwa sikio, hata pale nilipowagombeza watazamaji. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, maana niliona kabisa kwamba nikikosea hapo nimempoteza.

Nikapiga goti kwa baba, nikamgeukia Masanja. "Hayo ni ya kwangu," nikamwambia. "Ya kwako yako wapi?"

Akafuta jasho kwa mkono wa shati. Kisha akasema, safari hii polepole, na lafudhi yake yote ya Kisukuma.

"Mimi sina maneno. Picha zenyewe siziangaliagi. Nakaaga nje, upande wa spika, nakusikiliza wewe. Sasa ukiolewa ukaacha kazi, mimi nitasikiliza nini?"

Jamani. Nimewasemea wapenzi wangapi, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumpa neno kama lile. Baba alimtazama, akanitazama mimi na mwiko wangu. Akamwambia mjomba, "Habari za ng'ombe tutaongea mimi na wewe. Hilo la kazi naona wameshalimaliza."

Nikafunga ndoa, na Jumamosi iliyofuata nilikuwa Muze na maiki yangu. Niliishika nikiwa na mimba, niliishika nikinyonyesha, mpaka mikanda ilipoanza kuletwa kutoka mjini ikiwa na tafsiri ndani na mabanda yakageuzwa stoo za mahindi. Sikufukuzwa na mtu, kazi yenyewe ndiyo iliyostaafu.

Siku hizi mabinti wa mtaani wananiletea simu nisome walichoandikiwa na wavulana, niwaambie kama ni mapenzi ya kweli. Yanavutia kweli, mengine hata mimi nisingeyatunga. Huwa nawauliza kitu kimoja tu, huyo akiwa na wewe anakusikiliza? Wananishangaa, wanaona bibi hajui mapenzi. Lakini maneno matamu nilikuwa nayo tele, niliyagawa Ufipa nzima. Nilichokuwa sina ni mtu wa kunisikiliza, na huyo nilimpata.