Shimo Nililolifunika Shambani kwa Mama Mkwe

Ukweni kwangu kuna watu ambao hadi leo hawaniiti kwa jina, wananiita Tata Shimo, yaani Baba Shimo, na siwezi kukasirika kwa sababu nilianguka mbele ya macho yao, suruali imepasuka nyuma, na aliyesimama karibu kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu. Haya, chekeni mmalize, halafu niwaeleze ilivyokuwa.

Kazi yangu ni kuzunguka vijiji vya pembeni ya Kolwezi, kuwapelekea wakulima wadogo yale waliyojifunza watafiti: usichome mabua, yaache yafunike udongo, panda mahindi pamoja na maharagwe, tengeneza mbolea mwenyewe kwa samadi na majani, usingoje ile ya mifuko ambayo ikifika mahindi yameshakuwa ya njano. Ni maneno mazuri, lakini maneno hayaliwi. Akina mama wa kikundi chetu waliniambia wazi, maana bwana shamba huku anaitwa agronome, "Tata Agronome, tunasikia. Lakini tutaona wapi?" Walikuwa na haki.

Shamba la kuonyeshea nilipewa na mama mkwe, Mama Kasongo, na hapo ndipo uzito ulipo. Majirani zake karibu wote wameshawaachia wachimbaji mashamba yao, maana huku kwetu chini ya mihogo kuna shaba na kobalti, na kaka yake, Tata Ngoy, kila Jumapili baada ya misa alikuwa anamwandama na yeye aachie. Mama anakataa. "Udongo ya mi ni ya kula," anasema. Mwishowe akamwambia kaka yake angoje msimu mmoja, mkwe wake atawaonyesha shamba lile bado linaweza kulisha watu. Mkwe huyo ni mimi, na nikishindwa, shamba limekwenda.

Sasa mjue pia kwamba kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawaongei ana kwa ana wala hawatazamani usoni, na mwiko huo ukivunjwa mkwe hutoa kuku wa kusafisha aibu (nikimwona sokoni mimi nabadilisha njia, yeye anavuta kitenge usoni, na huo ndio upendo wetu). Kila neno linapitia kwa mke wangu, Nadège. Na wiki zile Nadège alikuwa Fungurume kwa dada yake aliyejifungua, kwa hiyo hakukuwa na wa kupeleka neno.

Basi nikafanya uamuzi mdogo tu. Nikachimba shimo la mbolea peke yangu, asubuhi asubuhi kabla jua halijawa kali, nikabeba samadi kwa mifuko, nikatia majani, maganda, majivu na maji, nikachomeka mti katikati wa kupimia joto, halafu nikafunika turubai na kupanga mawe juu. Aliyeniuliza nilimjibu, "Utaona siku ya maonyesho," kwa sababu nilitaka niwashangaze. (Niambieni, mtu mwenye akili timamu anachimba shimo Kolwezi, analifunika, anaonekana na mifuko mizito alfajiri, na anakataa kusema? Hata padri angeuliza jiwe lake lina shaba kiasi gani.)

Siku yenyewe ikafika. Nilitegemea akina mama wachache na viti vyao, nikakuta shamba limejaa vijana kwa makundi, wana sururu, mifuko mitupu, na taa za kichwani mchana kweupe. Na mimi, niseme nini, kichwa kikavimba. Nikajiambia leo utafiti umeeleweka, hata vijana wamerudi kwenye kilimo. Nikapanda juu ya kigoda, nikawakaribisha, nikawaambia kwamba kilichomo ndani ya shimo hili kitabadilisha maisha ya familia zao, na wasigombane, kila mmoja nitamfundisha kuchimba la kwake. Wakapiga makofi kama watu wa kwaya. Wengine hawakungoja hotuba iishe, wakaanza kuchimba kule chini ya shamba.

Nilipoona sururu ya kwanza inaingia ardhini ndipo nikaelewa kwamba hawa ni wachimbaji waliofuata madini, na papo hapo nikamwona Mama Kasongo anakuja, na nyuma yake Tata Ngoy anatabasamu. Mama akasimama akinipa mgongo, kama inavyotakiwa. Nadège hayupo, apitishe neno kwa nani? Akalitazama jembe langu lililochomekwa ardhini, akaongea nalo.

"Weye jembe, muulize huyu bwana. Mi nilimupa shamba ya kulima. Batu banasema eko anachimba minerai, anaficha. Njo kweli?"

Sikuhofia shamba peke yake wakati ule, niliumia kwamba mama huyu aliyenitetea mbele ya ndugu zake sasa anadhani nimemsaliti, tena kwenye udongo wake mwenyewe.

Nami nikaliambia jembe, "Jembe, umwambie mama hakuna minerai. Ni mbolea."

"Mbolea gani inafunikwa na bâche?" Tata Ngoy akasema. "Fungua, tuone."

Nikashika pembe ya turubai nikavuta. Watu wa mbele wakasogea kuchungulia, wa nyuma wakawasukuma wa mbele, wa mbele wakanisukuma mimi, na mguu wangu ulikuwa ukingoni. Nikaenda. Ule mti wa kupimia joto ukaninasa suruali nikiwa njiani, ikapasuka kutoka kiunoni mpaka gotini, nikatua ndani ya samadi hadi kiunoni. (Ilikuwa ya moto, mbolea ilikuwa imeshika vizuri kabisa, hilo nalisema kwa fahari.) Ningependa ardhi inimeze, ila ilikuwa imeshanimeza nusu.

Kijana mmoja mrefu akainama, akachota kwa mkono, akanusa, akawageukia wenzake.

"Bandugu, hii njo mavi ya ngombe."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikainua macho na kumwona mama mkwe anafungua kitenge chake cha juu. Akanirushia, uso bado kaugeuzia pembeni.

"Jifunge," akasema, na safari hii hakuliambia jembe. "Ukitoka humo uchi, kuku moja ya kusafisha haya haitatosha."

Nikajifunga. Ndipo akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na macho yake yalikuwa na machozi, sijui ya kicheko au ya faraja.

"Sasa uniambie weye mwenyewe. Hii kintu inafanya nini mu udongo?"

Nikafundisha nikiwa shimoni. Naapa sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile, maana hapakuwa na heshima iliyobaki ya kulinda. Akina mama waliingiza mikono kuonja joto. Yule kijana mrefu, ambaye kumbe ni mtoto wa mkulima wa Musumba, alimpigia mama yake simu kumwambia asichome mabua mwaka huu, kisha akaniinamishia simu huko shimoni nimweleze mwenyewe. Mashimo waliyoyaanza wachimbaji hatukuyafukia, akina mama waliyajaza maganda ya mihogo, na Tata Ngoy akaondoka bila kuaga.

Kuku nilipeleka, jogoo mwekundu, na tukarudi kwenye adabu yetu ya kukwepana. Tangu siku ile nikichimba hata shimo la kuotesha mpapai, naita mtaa mzima uje kutazama.

Mahindi yalipovunwa, Mama Kasongo alipita kwetu na beseni limejaa mahindi mabichi. Akalitua mlangoni, akanipa mgongo, akaliambia jembe lililoegemea ukuta:

"Weye jembe, umwambie mukwe ya mi, Ngoy naye anataka shimo ku shamba yake. Aende amuchimbie. Lakini avae mukaba ya suruali."