Chumvi ya Gaju

Mimi Uwituze, mkamwana wa nyumba hii, ndiye niliyemfungia mama mkwe mlango. Niliona aibu, lakini woga ulizidi aibu.

Huku milimani, juu ya Uvira, baridi ya mwezi wa saba huingia mpaka mifupani. Mama Nyirabahizi ana tansiyo, damu yake inapanda. Muganga Sylvestre wa kituo cha afya alituambia baridi hukaza mishipa, moyo ukachoka kusukuma damu. Basi avae sweta mbili, asitoke kabla jua halijapanda, ameze kidonge kila siku, na chumvi aisahau. Nikapika maharagwe ambayo hata mimi niliyachukia. Kila asubuhi alikaa dirishani akiwatazama ng'ombe wake wakitoka zizini bila yeye.

"Minye siko mufungwa," alinung'unika. "Weye mutoto, unanifunga kwa kosa gani?"

"Kosa ya moyo, mama."

Wiki tatu zikapita, tansiyo ikapanda. Sylvestre alipokuja kumpima, akanitazama mimi, mpishi! Nilikasirika nusura nilie. Nikampa maziwa, nikamwomba akae ajionee mwenyewe ninavyopika.

Jua lilipopanda, mama akatoka mbio kuwachanganyia ng'ombe maji ya chumvi, kazi ambayo hajawahi kumwachia mtu. Akachota kwa kiganja, akaonja, akameza. Akaongeza chumvi, akaonja tena, kiganja juu ya kiganja, mpaka ulimi ukakubali. Ndivyo mama yake alivyomfundisha.

"Mama!" Sylvestre akaruka. "Kumbe unakunywa chumvi kila siku?"

"Minye?" Alishangaa kweli. "Hii iko ya ng'ombe."

Sikio la kufa halisikii dawa, nilitaka kusema. Nikayameza maneno, kwa kuwa ni mama mkwe.

Tangu siku hiyo naonja mimi, kisha natema. Ikifika saa ya maji, naufunga mlango hata jua likiwaka, maana namjua.

Jana Gaju, ng'ombe wake mzee, alinusa maji yangu akayaacha. Akaja hadi dirishani. Mama akanyoosha mkono mtupu, Gaju akaulamba muda mrefu.

"Ongeza viganja mbili," mama akaniambia bila kunitazama. "Maji yako haina kitu."

Nikaongeza. Gaju akarudi, akanywa yote.

Mama alibaki dirishani akilia kimya, machozi yakimfika mdomoni. Na mimi, Mungu anisamehe, niliwaza kwamba hayo nayo yana chumvi.