Wao Andes, Mimi Hjulsta

Mwanamke wa kaunta pale uwanja wa ndege wa Arlanda alikuwa na adabu, na baadaye hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alizipokea pasipoti zetu, tatu nyekundu za Sweden na moja ya bluu ya Tanzania, akazipitia moja moja. Ya bluu akabaki nayo mkononi. Akaitazama viza ya Peru niliyoihangaikia majira yote ya baridi, akageuza kurasa mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Na viza ya kupitia Kanada?" akaniuliza kwa Kiswidi cha taratibu.

"Hatuendi Kanada," nikasema. "Tunaenda Peru."

"Ndege yenu inapitia Kanada."

Tulikuwa tumekata tiketi za kupitia Madrid. Majira ya kuchipua shirika la ndege likabadilisha ratiba, likatutumia ujumbe, nami nikauangalia upesi nikiwa kazini, baina ya mzee mmoja na mwingine, maana kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao. Niliangalia saa za kuondoka na kufika. Zilikuwa nzuri kuliko za kwanza. Nikabonyeza kukubali. Kwa mume wangu na watoto Kanada ilikuwa fomu ya kujaza kwenye simu, na majibu hapo hapo. Kwangu mimi ilikuwa viza kamili, ya kuombwa wiki nyingi kabla.

Safari ile ilikuwa yangu tangu mwanzo. Mimi ni mtu wa Njombe. Watu wa hapa hudhani kila Mwafrika ametoka kwenye jua kali, nami huwaambia kwamba nimekua nikienda shule asubuhi vidole vimekufa ganzi, ukungu umefunika mashamba, mama zetu wamejitanda mablanketi. Basi jioni moja televisheni ikaonyesha wanawake wa milima ya Andes wameinama kwenye shamba la viazi, mablanketi mabegani, ukungu nyuma yao, na nikajikuta nasema kwa sauti, "Jamani, huko si kwetu?"

"Huko ni Peru," akasema mume wangu. Yeye ni Mganda, aliletwa Sweden mtoto mdogo wazazi wake walipokimbia, na Kiswahili chake kingi amekiokota kwangu. "Unataka twende mwisho wa dunia tukaangalie viazi?"

"Na mawe," akadakia mwanetu wa kiume kwa Kiswidi. Alikuwa amesoma habari za kuta za Wainka, watu wa kale wa huko, jinsi mawe yalivyochongwa yakashikana bila saruji. Dada yake alikuwa akijifunza Kihispania shuleni, akasema yeye atakuwa mdomo wetu.

Sikutaka kampuni ya watalii. Nilitaka tupite wenyewe, kwa miguu yetu na kwa mabasi ya wenyeji. Mwaka mzima nilipanga. Nilijua basi gani lina choo na gani halina, nilijua tukitua Cusco, juu milimani, tusilale pale bali tuteremke bondeni kwanza, mpaka kifua kizoee hewa nyepesi. Nilijua mkate unauzwa wapi asubuhi katika miji ambayo sijawahi kukanyaga.

Pale kaunta mume wangu alishika mpini wa sanduku, akasema, "Turudi nyumbani. Sisi wote." Binti yetu akasema vivyo hivyo kwa Kiswidi. Mdogo wake aliangalia viatu vyake vipya vya kupandia milima, kidevu kikimtetemeka, na hapo ndipo nilipoamua.

"Nendeni," nikasema.

"Bila wewe?"

"Tiketi hazirudishwi. Na mimi sitaki kuwaona mmekaa sebuleni mwezi mzima mnanihurumia. Nendeni."

Vibali vyao vya Kanada nilivijaza mimi mwenyewe, nimeegemea nguzo, kwa sababu mume wangu na fomu hawapatani. Nikaandika jina la kila mmoja, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya pasipoti yake nyekundu. Majibu yakaja. Wakaniaga, binti akanikumbatia kwa nguvu mpaka miwani yangu ikapinda, wakapita kwenye ukaguzi, wakageuka, wakapunga, wakapotea.

Watu huniuliza kwa nini sikuchukua uraia wa Sweden siku zote hizo. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa pili, wa kwanza umeuacha. Wazazi wangu wako hai Njombe, na mimi sikuwa tayari kuja kuomba viza ya kwenda kuwazika. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine ya maana zaidi. Hata siku ile haikubadilika. Nilisimama pale nikiwa nimekasirika, lakini bado ilikuwa kweli.

Nikapanda basi mpaka stesheni ya Märsta, nikashika treni ya kurudi mjini, kisha treni ya chini ya ardhi, ile ya njia ya bluu, mpaka mwisho wa njia, Hjulsta, tunakoishi, sanduku langu limejaa makoti na soksi za sufu mwanzoni mwa Julai, kiangazi cha huku.

Ndani ya nyumba kila kitu kilikuwa kimelala. Friji tulikuwa tumeliacha tupu, plagi tumezichomoa, mapazia tumeyashusha. Nilitaka kuyapandisha. Mkono ukafika kwenye kamba ukasita. Kwenye upenyo wa pembeni niliwaona chini uani wamekaa akina mama wa kikundi chetu cha mtaani, wale wale walioniandalia pilau ya kuniaga juma lililopita. Mmoja alikuwa amesimama na kusema, "Sisi wengine likizo tunakwenda kwetu, mwenzetu anakwenda kwa Wainka!" Watu walicheka, nami nilicheka kuliko wote. Sasa ningeshuka niwaambie nini? Kwamba mpangaji mkuu wa safari alisahau kusoma njia ya ndege?

Nikaliacha pazia chini. Nikajiambia, leo tu. Kesho yake nikasema leo tu.

Sijawahi kufungwa, na sitaki kulinganisha. Lakini nilianza kuishi kama mtu anayejificha. Nilitembea peku ili jirani wa chini asisikie. Sikufungulia redio. Choo nilivuta maji mara chache kadiri nilivyoweza. Nilikula wali na maharage ya kopo, nikanywa chai kavu. Kiangazi cha hapa hakina giza, mwanga ulipenya pembeni mwa mapazia muda wote, na nje watoto walikuwa wakipiga kelele na mipira yao huku mimi nimekaa sakafuni nimeegemea kitanda, nimeshika simu, nikiongoza watu watatu milimani.

Maana niliwaongoza. Wakiamka wao asubuhi, kwangu ilikuwa mchana, na simu inaanza. "Msichukue teksi ya kwanza. Tokeni nje ya geti." "Kunyweni ile chai ya majani ya koka, kichwa kitapoa." "Siku ya pili msipande ngazi, tembeeni tambarare." Mume wangu alikuwa akiitikia, "Ndiyo, bosi," lakini siku hadi siku majibu yalikuwa yanafupika.

Maua yetu tulikuwa tumemkabidhi jirani wa mlango unaofuata, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Alikuwa na ufunguo. Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa mpaka nilipousikia ukizunguka mlangoni.

Nikakimbilia chumbani, nikalala chini kati ya kitanda na ukuta. Nikamsikia akijaza maji jikoni, akiyasemesha maua kwa Kifaransa. Nikangoja aondoke. Hakuondoka. Kiti cha jikoni kikaburutwa, akakaa. Kisha akampigia mtu simu.

"Niko kwa jirani, namwangia maua maji," akasema. "Acha nikae kidogo. Huku kuko kimya. Kule kwangu tuko wengi, hata pa kulia hapako."

Nilijua kaka yake na familia yake walikuwa wamehamia kwake wakingoja nyumba. Nilikuwa nimewaona kwenye ngazi. Sikujua kwamba analia. Alilia sasa, kwa utulivu, jikoni kwangu, na mimi nimelala chini ya dirisha, shavu kwenye sakafu, nikiona vumbi chini ya kitanda, nisiweze kukohoa wala kumfariji.

Hapo simu yangu ikaita. Mlio wa mwanangu, wimbo wa kitoto wa mbio, kwa sauti ya juu kabisa.

Kisha nikasikia hatua, na mlango wa chumba ukasukumwa kwa kitu. Alikuwa ameshika ufagio.

"Ni nani uko mule?"

"Ni mimi," nikasema kutoka chini.

Akachungulia juu ya kitanda. Macho yalikuwa bado mekundu. "Weye? Haukuendaka?"

"Sikwenda."

"Na unalala chini kwa nini?"

Nilifungua mdomo nieleze, na badala ya maneno kikatoka kilio. Akanitazama, akaketi kitandani na ufagio wake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mungu wangu, nilifikiri ni mwizi! Mwizi mwenye simu ya kuimba!" Nami nikacheka, makamasi yakitoka, na simu ikaendelea kuita mpaka ikanyamaza yenyewe.

Nilimsimulia kila kitu, naye akaniambia ya kwake. Akapika sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, jikoni kwangu, tukala. Tangu siku ile alikuja kila siku, akibisha kwa kidole kimoja kama mtu anayeleta magendo. Hakumwambia mtu. Alipenda sana siri yenyewe, nadhani, na alipenda kimya. Mara nyingine alijilaza kwenye sofa akasinzia, nami nikakaa karibu. Nilikuwa bado nimefungiwa, ila tulikuwa wawili.

Kisha huko milimani mambo yakaharibika. Familia yangu ilikuwa Ollantaytambo, mji mdogo wa mawe bondeni, wakingoja treni ya kwenda Machu Picchu, magofu ya Wainka mlimani. Asubuhi yenyewe pakazuka mgomo. Watu walikuwa wameweka magogo na mawe barabarani, na treni haikutoka. Tiketi zao za kuingia Machu Picchu zilikuwa za siku moja tu, ile ile.

Nikaingia kazini. Nilipiga simu, nikaandika barua pepe kwa Kihispania cha mashine, nikatafuta njia ya kupita nyuma ya mlima kwa basi na miguu. Jirani yangu alinitazama akitikisa kichwa. Nilipompata mume wangu nikaanza kumsomea mpango mpya. Akanikatiza.

"Mke wangu, acha."

"Mkitoka sasa hivi mtawahi."

"Hatutoki. Tumekwama, basi. Watoto wako sawa. Mama mwenye nyumba hii tunayolala ametualika kwao juu, kwa mama yake. Tunakwenda kesho."

"Juu wapi? Hilo halimo kwenye mpango."

"Najua," akasema, bila ukali.

Kesho yake nilikaa siku nzima na simu isiyoita. Huko juu hakukuwa na mtandao. Niliwaza maporomoko, niliwaza kifua cha mwanangu na hewa ile. Ilipofika siku iliyofuata, mchana, zikaja picha nyingi kwa mpigo. Kibanda cha udongo. Ukungu. Mwanangu peku, suruali imekunjwa, anakanyaga viazi vilivyotandazwa juu ya nyasi, kwa sababu huko huviacha vigande kwa baridi ya usiku, kisha huvikamua maji kwa miguu ili vikaushwe na kudumu. Binti yangu amejitanda blanketi la mtu, anacheka na bibi asiye na meno ya mbele. Mume wangu ana jembe.

"Ona wako wazuri," akasema jirani yangu.

Ningepaswa kufurahi. Sikufurahi. Nilihisi kama mtu aliyeibiwa na watu anaowapenda. Kile ambacho niliwaza mwaka mzima, kile ambacho hakimo katika kitabu chochote cha watalii, walikuwa wamekipata bila mimi, tena kwa sababu mpango wangu ulivunjika. Nikaizima simu, nikaitia kabatini chini ya mashuka.

Jirani yangu akasimama, akaenda dirishani, akavuta kamba. Pazia likapanda juu kwa kishindo, na mwanga wa Julai ukajaa chumba kizima.

"Vaa viatu," akasema.

Tulishuka. Akina mama walikuwa pale pale uani na chupa yao ya chai. Aliyetania siku ya pilau ndiye aliyeniona kwanza, kikombe kikabaki hewani. Nikasema, "Sikwenda. Nilizuiwa Arlanda. Niko ndani tangu siku ile." Nilingoja kicheko. Kilikuja, lakini baadaye, nilipofika kwenye habari za ufagio. Kwanza yule mama alisogea kwenye benchi, akasema, "Mimi walinirudisha siku ya harusi ya mdogo wangu London. Nguo ya kushonesha, vyote. Kaa." Nikakaa.

Walirudi mwanzoni mwa Agosti. Nilikwenda kuwapokea. Mdogo alikuwa amebabuka pua kwa jua, binti alikuwa akiongea Kihispania na dada yake mpya kwenye simu, yaani mjukuu wa yule bibi anayekaa mjini, na mume wangu alinishika mkono ndani ya treni mpaka nyumbani.

Miezi iliyofuata ndiyo ilikuwa migumu, na sikuitarajia. Nyumba ilijaa vichekesho nisivyovijua. Mmoja akisema "mbwa wa mlangoni," watatu wanacheka, kisha wananyamaza wakinitazama, nami natabasamu. Nilikuwa nje ya kitu nilichokijenga mwenyewe, na hakuna kaunta ya kwenda kulalamika.

Jioni moja ya Oktoba, tukiwa mezani, ikatokea tena. Nikaweka uma chini.

"Nisimulieni," nikasema. "Tangu mlipopita ukaguzi. Msiruke kitu."

Wakatazamana. "Yote?" akauliza binti yangu, safari hii kwa Kiswahili.

"Yote."

Mume wangu akaanza na ndege, mdogo akamkatiza kwamba kabla ya ndege kulikuwa na foleni, dada yake akasema siyo foleni ile, wakaanza kubishana nani alikaa dirishani. Nikavuta kiti mbele. Hata Lima, walikotua Peru, hadithi haikufika jioni ile.