Alama ya Kidole Ndani ya Kisanduku

Siku ya wazazi kuona kazi za wanafunzi, mdogo wangu aliniita chuoni. Wazazi wetu walikwishafariki, na mimi niliacha shule kidato cha pili nimlee, kwa hivyo nilienda mimi, dada yake. Asubuhi nilikamua, nikaoga, nikajipaka mafuta ya kukamulia, yale yale ya chuchu za ng'ombe. Huku Dundori ndiyo huponya nyufa za mikono.

Kazi yake ilikuwa kisanduku cha gesi chenye nyaya nyembamba kuliko unywele. Chembe zinazoshuka kutoka angani zikipita ndani, nyaya huzihisi.

"Lakini umeme wake ni mkali," aliniambia. "Kukiwa na uchafu kidogo tu, zinaruka cheche, waya unakatika. Hapa adui ni uchafu, siz."

Akatoka kuleta mtungi wa gesi. Kisanduku kilikuwa wazi, na pale nyaya zinaposhikizwa niliona kijivumbi. Tangu akiwa mtoto nimemfuta pua, kola, sahani. Nikakifuta kwa kidole gumba. Nilifurahi hata.

Mwalimu alipofika na wanafunzi wengine, mdogo wangu alikuwa ameshafunga kisanduku na kujaza gesi. Akapandisha umeme polepole. Tak. Tak. Mwanga wa buluu ukaruka. Akazima haraka.

Mwalimu alifungua, akamulika na tochi. "Kuna mafuta hapa. Alama ya kidole kabisa. Nani ameshika?"

"Jamaa alikuwa anakula chapo za mafuta!" mwanafunzi mmoja akasema. Wakacheka.

Mdogo wangu alitazama mikono yangu inavyong'aa. "Ni mimi, sir. Nilisahau glavu."

"Mwaka wa nne, unasahau glavu? Safisha na spiriti, urudie wiki ijayo. Leo sikupi maksi."

Kisha akanigeukia, mkono mbele. "Karibu sana, mama."

Nilificha mikono yangu ndani ya leso niliyojitanda. "Nina mafua," nikasema. Hilo tu ndilo nililosema.

Mdogo wangu alinisindikiza hadi getini.

"Wacha nirudi nimwambie," nilimwambia.

"Achana naye, siz. Ukimwambia, watakucheka wewe. Mimi nimezoea."

Alisema hivyo akitafuta kwa macho gari la kunirudisha Dundori. Nilijua njia ya kurudi kwenye kile chumba, na mwalimu alikuwa bado yupo. Nilipanda gari.