Nilielekeza Anwani, Simu Zikanyamaza

Tin, tin. Kijiko kiligonga kikombe gizani.

Dada yangu alikuwa anakoroga chai bila kuwasha taa, asimwamshe mwanangu. Anawahi zamu.

Siku hiyohiyo, kabla ya saa saba mchana, nilimfukuzisha kazi. Na nikapigiwa makofi.

Ngoja niwaeleze.

Dada alikuwa mhudumu wa simu kwenye kampuni inayouza majiko na friji. Miaka tisa anasikiliza malalamiko ya watu. Nilipomaliza masomo yangu ya jioni ya kompyuta, ndiye aliyenipigania nikapata miezi mitatu ya majaribio hapo, kitengo cha mtandao.

"Ukifuzu, mkataba ni wako," meneja aliniambia.

Kazi ya mwisho ilikuwa ukurasa wa msaada kwa wateja. Ukurasa wenyewe ni wa kampuni mshirika, uko kwenye seva zao huko mbali. Mimi niielekeze tu anwani yetu huko. Mteja aone jina letu, nembo yetu, rangi zetu, asijue kabisa kwamba ameshavuka kwa watu wengine.

Mstari mmoja tu wa maandishi. Jamani, niliukagua mara nne, kama namvisha mtoto siku ya kwanza ya shule.

Kabla ya kuuwasha nikamwita dada. "Uliza kama mteja."

Akaandika: jiko langu haliwaki.

Ukurasa ukajibu papo hapo: "Pole sana mpendwa, hebu tuanze na waya wa ukutani."

Dada akacheka mpaka machozi. "We! Si maneno yangu hayo? Hadi 'mpendwa'!"

"Ni mashine yao inayojibu. Imejifunza kwenye simu zako zilizorekodiwa."

"Basi nayo ianze kuamka saa kumi na moja."

Nikacheka naye. Mjinga mimi.

Saa sita kasoro nikabonyeza. Kila aliyepiga simu sasa alisikia sauti ikimwelekeza kwenye anwani ile. Kwenye chumba cha wahudumu simu zikaanza kupungua. Ikanyamaza moja. Nyingine. Zote.

Meneja akaingia na bahasha sita za kuachishwa kazi.

"Mpigieni makofi mwenzenu. Mstari mmoja, kazi ya watu sita!"

Wakapiga. Dada alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Nilimkuta chooni ananawa uso. "Dada, wallahi sikujua!"

"Mimi nilijua. Wiki ya tatu sasa. Meneja alisema nikinyamaza, wewe utabaki. Ningekwambia, ungegoma." Akanifuta mashavu kwa kiganja. "Haya, nenda kasaini mkataba wako."

Nikaenda. Mezani kwa meneja hapakuwa na karatasi yoyote.

"Anwani ikishaelekezwa," meneja akasema, "inahitaji mtu wa kuielekeza tena?"

"Lakini ulimwahidi dada yangu!"

"Nani? Hatuna mfanyakazi huyo hapa."

Wewe unayesoma usiku huku unanyonyesha, usiache masomo. Mimi natafuta kazi tena, na nitapata. Ila ukipewa kazi, usiulize tu inafanywaje. Uliza ikiisha, nani ataonyeshwa mlango.

Kesho yake jua lilikuwa limeshapanda mwanangu alipotukuta mimi na dada tumekaa sebuleni. Akajipenyeza katikati yetu, akaegemea, akatabasamu.

"Leo mama na mama mkubwa wote wapo nyumbani."